Koti la Kagio

Mjini Nyeri siku hizi, mwanamume akivaa suti katikati ya wiki watu humuuliza ni nani amekufa. Si mzaha. Nimeulizwa mimi mwenyewe. Nilikuwa nimesimama nje ya soko na suti yangu ya kijivu, tai imefungwa vizuri, viatu vinang'aa, na mwenzangu mmoja niliyefanya naye kazi ofisi moja akanijia na uso wa huzuni. Akanishika mkono kwa mikono miwili. "Pole sana," akasema. "Ni nani ametuacha?" Nikamwambia hakuna aliyetuacha, nimekuja kununua dawa ya ng'ombe. Akacheka, lakini niliona bado ana shaka. Yeye alikuwa amevaa jaketi la bure lenye jina la mbolea mgongoni.

Nilirudi nyumbani Mukurweini nikiwa nimenuna. Nikamweleza mke wangu, naye akacheka kuliko yule mtu. "Na wewe unavaa kama mtu anaenda kuapishwa," akasema, akarudi kwa ng'ombe wake.

Basi nitasema neno langu, na anayetaka kukasirika akasirike. Wanaume wa huku kwetu tumeacha kuvaa. Tunajifunika tu. Baridi ikija, mtu anachukua chochote kilicho karibu: jezi ya mpira, jaketi la kung'aa la watu wa bodaboda, boshori ya kuvuta mpaka masikioni. Hivyo hivyo anaenda shambani, anaenda kanisani, anaenda kumwona mwalimu wa mtoto wake. Ukimuuliza anakwambia nguo ni nguo. Na vijana ndio kabisa. Wananunua suruali iliyopasuliwa magoti makusudi, na eti ni ghali kuliko nzima.

Mimi nimetoka kwa watu waliovaa. Baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa na alikuwa na suti moja tu maishani. Jumamosi jioni aliinyunyizia suruali maji kidogo, akaikunja kwa mstari wake, akaitandaza chini ya godoro na kuilalia. Mama alikatazwa kujigeuzageuza. Asubuhi suruali ilitoka imenyooka, baba akaivaa polepole, akaufunga mshipi, akatoka nje na kusimama kidogo uani kabla ya kwenda popote. Hakuwahi kunieleza sababu ya kusimama pale. Nadhani alikuwa anajisikia mzima.

Nilipoajiriwa serikalini nikapata fundi wangu mjini Nyeri, mtu wa kutoka magharibi, mrefu, utepe wa kupimia u shingoni mwake wakati wote. Kwake hukuchukua suti kwa haraka. Alikupima ukaenda zako, ukarudi kuijaribu ikiwa haijaisha, akakuzunguka na chaki na pini mdomoni, akikwambia simama kawaida, usijifanye askari. Halafu ukarudi tena. Bega langu la kushoto liko chini kidogo kuliko la kulia, na kila koti alilonishonea lilificha jambo hilo. Alipozeeka alirudi kwao. Duka lake sasa linauza vifuniko vya simu.

Ile siku ya soko nilikuwa bado sijaugua. Nilistaafu, na muda si mrefu sukari ikanishika. Daktari alinipa dawa, akanikataza chai tamu, nami nikatii kama mtoto, na damu yangu ikatulia. Lakini mwili ulikuwa umekwenda. Mimi nilikuwa mtu wa kujaza mlango. Siku moja nikavaa suti ya kijivu, nikasimama mbele ya kioo, nikaona kichwa changu kimechomoza juu ya nguo za mtu mwingine. Mabega ya koti yalikuwa yameanguka. Suruali nilikuwa nimeikusanya kiunoni kama mdomo wa gunia.

Ungedhani mtu kama mimi angezipeleka suti zake zikapunguzwe. Sikuzipeleka. Kupunguza suti ni kukubali. Nilijiambia mwili utarudi, zisubiri hapo kabatini, na kwa wakati huo nikaanza kuvaa sweta. Sweta mbili, siku nyingine tatu, na jaketi juu yake. Baridi ya kwetu inatosha, kwa hivyo hakuna aliyeniuliza. Nikawa mmoja wa wale wale ninaowasema. Kanisani nikahamia ibada ya kwanza, ile ya mapema ambayo haina watu wengi.

Mke wangu alijua, maana huwezi kumficha mtu mnayelala kitanda kimoja. Asubuhi moja aliniangalia nikivaa sweta ya tatu akasema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Nikamwambia afunge mlango, baridi inaingia.

Aliyenitia hofu hasa ni binti yetu. Anafanya kazi Nairobi na huja kwetu mara moja moja. Alipokuwa mdogo alikuwa akiwaonyesha wenzake shuleni, "Baba yangu ni yule wa suti," na mimi nilijifanya sisikii huku moyo umejaa. Sikutaka anione nilivyo. Nilimkataza mama yake kumwambia lolote zaidi ya kwamba nina sukari kidogo na dawa inafanya kazi.

Ndipo binti akatuletea mchumba. Kijana wa Mwea, amekuja kuwaona wakwe mara ya kwanza na raba nyeupe na fulana isiyo na kola. Kazi yake ni ya kompyuta na huifanyia nyumbani kwao; bosi wake yuko nchi za mbali, hajui kama kijana amevaa suruali au hakuvaa. Baba yake, mkulima wa mpunga, alikuwa amefariki. Kijana mwenyewe ni mnyamavu. Alikunywa chai, akajibu alichoulizwa, akatazama chini. Walipoondoka nikamwambia mke wangu kwamba huyo hata kamba ya viatu hajui kufunga, atajua kutunza mke? Mke wangu akaniambia raba zile hazina kamba.

Kwetu siku ya mahari, siku tunayoiita ruracio, kuna mbuzi, kuna blanketi, kuna shali ya mama, na kuna koti la baba. Watu wa kijana huliinua koti mbele ya wote, wakamvisha baba wa msichana akiwa amesimama, na wanawake hupiga vigelegele. Likimkaa, watu husema kijana ana macho. Lisipomkaa, husema pia, na husema kwa miaka. Na haifai kumuuliza mkwe saizi yake, wala kumpima. Unatakiwa umtazame ujue.

Wakati wangu nilimfuata baba mkwe sokoni Karatina, nikijificha nyuma ya magunia ya viazi, nikiyasoma mabega yake. Jumapili nikaenda kanisa lao nikakaa benchi la nyuma yake, na sikusikia neno hata moja la mahubiri. Fundi wangu alicheka mpaka akashika cherehani nilipomweleza kwa mikono: hapa mpana hivi, hapa mwembamba hivi. Lakini lile koti lilimkaa mzee. Hakuwahi kunishukuru kwa mdomo. Alianza tu kuniita mwanangu.

Sasa wajumbe wa Mwea walipokuja kwa mazungumzo, mjomba wa kijana, ambaye ndiye aliyesimama mahali pa baba yake, alisema kwa upole kwamba siku hizi wengi hutoa pesa mahali pa koti, ili mzee ajinunulie anachopenda. Kwa desturi nilipaswa kunyamaza na msemaji wetu ajibu. Sikungoja.

"Hapana," nikasema. "Mimi nataka koti."

Baadaye jikoni mke wangu akanigeukia na mwiko mkononi. "Unataka koti ya nini, na kabati imejaa?"

Kabati lilikuwa limejaa makoti ya marehemu ambaye hajafa. Sikuwa na hata moja la kuvaa. Nilitaka koti la mwili huu nilio nao, na nililitaka bila kumwambia mtu yeyote kwamba mwili umebadilika. Nilitegemea kijana anitazame kama mimi nilivyomtazama baba mkwe. Jinsi atakavyoona kitu na mimi nimejifunga sweta kama kabeji, hilo sikulifikiria.

Siku ya mahari ilipokaribia, nilifungua kabati nikakuta suti ya kijivu imebaki suruali peke yake. Binti alikuwa amekuja kututembelea na kurudi Nairobi siku hiyo hiyo.

"Koti yangu iko wapi?" nikamuuliza mke wangu.

"Ameenda nayo. Ati ampelekee huyo kijana, ndio fundi aone saizi. Wako na fundi hapo Kagio, karibu na kwao."

"Kagio? Kagio wanauza nyanya!"

"Na watu wa nyanya wanatembea uchi?" akasema.

Nikaketi kitandani. Binti alikuwa amefanya jambo la busara, jambo ambalo mtoto yeyote wa kwetu angefanya ili mchumba wake asiaibike. Alichukua koti lililonikaa vizuri kuliko yote. Alilolijua yeye. Na sasa huko Kagio fundi angelipima na kushona jingine la mtu yule yule wa zamani, na mimi ningesimama mbele ya koo mbili nikivishwa hema.

Nilishika simu nimpigie binti. Nikaiweka chini. Ningemwambia nini, bila kumwambia lile nililokuwa nimemficha? Nikaamua kutumia dawa niliyoizoea. Koti likiwa kubwa, nitalijaza. Nitavaa sweta ndani.

Mwezi wa kwanza huku kwetu asubuhi unatetemeka, na adhuhuri jua linakuchoma utosi. Siku ya ruracio nilivaa shati, kizibao, sweta mbili na jaketi. Mke wangu alinitazama. "Utaiva," akasema. Kufikia wakati wageni wanapanga mstari langoni wakiimba, jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni. Vijana wa Mwea walikuwa wamevaa mashati ya kitenge ya kufanana. Nikatafuta tai kwa macho, sikuona hata moja, na hata katika taabu ile nikapata nafasi ya kuwadharau kidogo.

Mbuzi wakaongelewa. Watu wakala. Shali ikamwendea mama, akazungushwa nayo, vigelegele. Kisha mjomba wa kijana akasimama na kuliinua koti. Lilikuwa la samawati iliyoiva, karibu nyeusi, kola imekaa kama ya lile langu la kijivu. Nitasema ukweli, lilikuwa koti zuri. Nikasimama, nikavua jaketi peke yake, nikarudisha mikono nyuma nivishwe.

Mkono wa kwanza ukaingia mpaka kwenye kiwiko, ukagoma. Mjomba akavuta. Wa pili nao ukaingia kidogo ukakwama. Akavuta tena, na mshono mahali fulani ukalia. Vigelegele vilivyokuwa vimeanza vikakatika.

"Ati wameletea mzee koti ya mtoto?" mtu wa upande wetu akauliza kwa sauti, na watu wakacheka.

"Hiyo ni saizi ya Kagio," mwingine akadakia, na wakacheka zaidi.

Nilibaki pale, mikono imefungwa nyuma kama kuku anayepelekwa sokoni, sielewi. Nilikuwa nimejiandaa kwa koti kubwa. Koti la kipimo cha lile la kijivu lingepita juu ya sweta hizi na kubakiza nafasi. Ndipo nikaelewa. Halikuwa la kipimo kile. Mtu alikuwa amelishona kwa mwili ulio chini ya sweta, mwili ambao nilidhani hakuna ajuaye isipokuwa mke wangu na daktari.

Nikamtafuta kijana kwa macho. Alikuwa amesimama nyuma ya mjomba wake, kichwa kimeinama, masikio yamewaka. Wenzake walikuwa wanamwangalia vibaya. Angeweza kujiokoa kwa maneno mawili. Angesema tu, mzee avue sweta. Hakusema. Alikuwa ameamua kuibeba aibu yeye, iwe ni yeye aliyeshindwa kununua koti, na watu wa Mukurweini wamcheke mpaka wachoke.

Nami ningemwacha aibebe. Sitajifanya mtakatifu, nilifikiria hivyo. Ilikuwa rahisi. Ningecheka pamoja na wengine, mjomba angeahidi kuleta jingine, na binti yangu angerudi Nairobi bila kujua chochote. Lakini ningekuwa nimemlipa vibaya mtu wa kwanza aliyenitazama.

"Ngojeni," nikasema. "Koti haina makosa. Ni hizi sweta."

Mjomba akaichomoa mikono yangu kutoka kwenye koti. Nikavua sweta ya kwanza na watu bado wanacheka, wakidhani ni mchezo. Nikavua ya pili na kicheko kikapungua. Nikavua kizibao kwa sababu nacho kilikuwa kikubwa na sikuona haja ya kukiacha. Nikasimama na shati limeshikamana na jasho, mbavu zikionekana, mshipi umejikunja. Hakuna aliyecheka tena. Katikati ya wanawake binti yangu alisimama, mkono mdomoni.

Mjomba akanivisha. Koti likaingia bila kuvutwa. Likanishika mabegani, likashuka kifuani, mikono ikaishia pale mikono ya koti inapopaswa kuishia. Nikafunga kifungo. Nikasikia ng'ombe akitafuna nyuma ya nyumba. Mke wangu ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, sauti ikapasuka katikati, na wengine wakamfuata.

Binti alinijia mbio, akanishika kola kama anayetaka kunipiga. "Baba, umekonda!"

"Nimekonda," nikasema. Lilikuwa neno dogo kulisema. Alilia kifuani mwangu, akalilowesha koti jipya, na nilimwacha. Baadaye alinigombeza kweli kweli, na mama yake pia, na nikanyamaza kwa sababu walikuwa na haki.

Jua lilipopoa, wageni wakinywa chai ya mwisho, nilimwita kijana tukaenda nyuma, karibu na zizi. Alisimama mbali kidogo na mimi, kama inavyofaa.

"Ile koti yangu ya zamani uliifanyia nini?" nikamuuliza.

"Iko kwa gari, Mzee. Fundi aliiga tu style ya kola."

"Na saizi?"

"Hiyo nilimwambia mimi."

"Ulijuaje?"

Akakwaruza ardhi kwa raba yake. "Siku ya kwanza ukiinua mkono kunisalimia, saa yako iliteleza ndani ya sweta ikaenda mpaka hapa." Akajigusa karibu na kiwiko. "Baba yangu pia alikuwa na sukari. Saa yake ilikuwa inafanya hivyo."

Yeye, ambaye sikuwahi kumsikia akisema sentensi tatu zikifuatana, akaendelea.

"Tulimwambia tumnunulie nguo ingine, akakataa. Alikuwa anasema atanona tena. Sasa akienda, tukampelekea suti yake huko mochari. Ilikuwa kubwa, Mzee. Ilibidi wakunje huku nyuma na waweke pini, ndio huku mbele ikae imemtosha. Mimi ndio nilikuwa nimeshikilia wakiweka pini." Akakunja vidole kama anayeshika kitambaa. "Watu wote walisema ako smart."

Nilimwona kijana huyu amesimama katika chumba kile baridi, ameshika mkunjo wa suti ya baba yake, na nikaona aibu kwa kila nilichokuwa nimesema juu ya viatu vyake. Nilijua pia kwamba pale mezani alipokuwa amelazwa baba yake ndipo nilipokuwa nikielekea, polepole, na sweta zangu. Nikapiga hatua, nikamshika bega.

"Sikiza," nikamwambia. "Hii koti msinizike nayo. Hii nataka niivae mpaka iishe."